Vichupa Vinne Mbele ya Kamati ya Mapokezi

Siku ya kuniaga mlinipa saa kubwa ya ukutani, zawadi nzuri kwa mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Mke wangu anaitumia kupimia maharage yakiwa jikoni. Mkaniomba pia niwaandikie machache ya kazini, nami nimekubali kwa sharti moja: vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo mlivisoma mlangoni, na mishahara mnaijua kwa kuwa ndiyo hiyohiyo mnayolipwa ninyi.

Nilianza kazi nikiwa na cheti cha ufundi sanifu, shati jeupe na majivuno ya kutosha idara nzima. Aliyenipokea ni Mzee Magesa, fundi mkuu wa maabara, Mjita mfupi mwenye nyusi zilizoungua upande mmoja. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitika, "Marahaba," kisha akakitazama cheti changu kama mtu anayetazama mbuzi wa mnadani. "Kiweke kabatini kisiloe," akasema, akanipa karai na brashi. Nikaosha vioo miezi mitatu. Kipimo chake kilikuwa kimoja: ukisuuza chupa, maji yakishuka kama utando bila kuacha tone ukutani, imetakata, likibaki tone hata moja, rudia. Siku nyingine nilirudia mpaka nikamchukia aliyevumbua kioo.

Mzee Magesa hakuwa na cheti kama changu, lakini alijua kuyeyusha kioo. Alilishika bomba la kioo juu ya moto wa gesi, akalizungusha kwa vidole vya mikono yote miwili, akapuliza kidogo mdomoni mwa bomba, na mpasuko ukapotea usiuone tena. Hicho kipaji hakijaandikwa katika muundo wowote wa utumishi. Jambo lake la pili lilikuwa rejista. Hata kipande cha kizibo kilichokatika alikiandikisha. Mimi mtoto wa wakulima wa pamba wa Magu, niliyezoea mzani wa ununuzi unaosema utakavyo, nilimwona kama mtu aliyetumwa kutuadibisha.

Kazi yetu wakati ule ilikuwa ya kawaida. Maabara ilikuwa ya serikali, juu ya mawe upande wa Ilemela, na tulipima metali: vyuma vya mashine za kuchambulia pamba, pampu za maji, sufuria zinazosemekana kuwa na madini ya risasi. Majibu tulituma makao makuu, na makao makuu yakaandika kututaarifu kwamba yamepokea.

Katikati ya miaka ya tisini mambo yakageuka. Kila kitu kikawa ruksa. Wanunuzi wa sangara wakajaa mjini, mitumba ikajaa, viwanda vya umma vikafungwa au vikapata wenyewe wapya, na sisi tuliobaki serikalini tukajifunza neno kupunguzwa. Mtu hakufukuzwa, alipunguzwa, kama chumvi kwenye mboga. Rafiki yangu mmoja, mkaguzi wa mbegu za pamba, alipunguzwa siku ya Ijumaa, na Jumatatu nilimkuta stendi ya Buzuruga akiuza soksi. Nilinunua pea mbili na hatukutazamana usoni.

Ndipo akaja Dakta Koku. Alitoka Bukoba, akapitia Ujerumani, akarudi na udaktari wa kemia. Wahaya wanasifika kwa kusoma, naye hakuwaangusha wenzake: siku ya kwanza tu alitueleza jambo ambalo hakuna aliyelielewa, na alilieleza vizuri sana. Baadaye, tukiwa watatu maabara, yeye, Mzee Magesa na mimi, alilieleza tena pole pole na mimi nikaambulia haya. Alumini mliyoizoea, ya sufuria na ya bati, ikiungana na kitu hutoa elektroni zake tatu za nje. Wenzake Dakta kule Ulaya walikuwa wamejifunza kutengeneza misombo ambayo alumini imetoa moja tu, na mbili zimebaki kwake kama jozi. Boroni kwa upande wake ina upungufu wa jozi. Dakta alitaka kuikutanisha ile alumini na msombo wa boroni, aone kama itaipa jozi yake.

"Kwa kawaida hawa wote wawili ni ombaomba," alituambia. "Mimi nataka kuona siku moja ombaomba mmoja akimpa mwenzake."

Tatizo ni kwamba oksijeni na unyevu navyo ni wahitaji, tena havibishi hodi. Alumini ya namna ile ikiguswa na hewa, imekwisha. Na sisi tulikuwa tunakaa juu ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, mahali ambapo hata kiberiti hulowa kikiwa ndani ya kabati.

Uongozi ulimsikiliza kwa heshima, kisha Mkurugenzi akauliza zitatoka sufuria ngapi.

"Hazitatoka sufuria, Mkurugenzi."

"Hata mifuniko?"

Akapewa mwaka mmoja. Matokeo yasipopatikana, chumba chetu kingekodishwa kwa mnunuzi wa mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara, bwana mpole ambaye alikuwa amekwisha kuja mara mbili na futi ya kupimia, akipima madirisha huku akitusalimia.

Vijana, mkiletewa leo mashine yenye kitabu cha maelekezo msidhani ndivyo ilivyokuwa. Tulihitaji mtambo wa vioo wenye mabomba mawili, moja la kunyonya hewa na jingine la kuingiza gesi isiyoungana na kitu. Mzee Magesa aliutengeneza kwa vioo vilivyovunjika vya tangu enzi za uhuru, na kila kipande alikifutia rejistani. Gesi ya argoni tuliipata kwa wachomeleaji wa kiwanda cha samaki, maana ndiyo wanayochomelea vyuma visivyoshika kutu. Mtungi ulifika ukinuka minofu kwa nje, lakini gesi yake, baada ya kuipitisha kwenye nguzo tatu za kioo zenye punje za kunyonya unyevu, Dakta aliikubali.

Nitrojeni ya kimiminika, ya kugandisha mvuke usiingie pampu ya kunyonyea hewa, ilikuwa kazi yangu. Ng'ambo ya Busisi palikuwa na kituo cha uhimilishaji wa ng'ombe, wanaihifadhi mbegu ya madume ndani yake, na mganga wao wa mifugo alikubali kutugawia. Kwa hiyo nilikuwa nikivuka na kopo kubwa la chuma lililotoka kuhifadhi ukoo wa madume maarufu, na nikirudi nangoja kivuko huku kopo linafuka na mali inapungua. Siku moja, nikishuka upande wa Kigongo, mama muuza samaki akanikazia macho.

"Baba, hicho chombo kinafuka na hakina moto. Wewe ni mganga?"

"Hapana, mama. Ni baridi tu."

"Baridi ndiyo inafuka?"

"Inafuka."

"Basi sogea, usije ukanilogea sato wangu."

Kufika maabara, nusu ilikuwa imekwenda na upepo. Hakuna aliyenilaumu, kwa sababu Mzee Magesa alikuwa ameandika kwenye rejista safu ya upungufu wa kivukoni.

Alumini yenyewe hatukuweza kuitengeneza kwa vifaa tulivyokuwa navyo. Dakta alimwandikia mwenzake wa zamani Ujerumani, naye akaahidi vichupa vinne. Yule bwana alikuwa amefanya kazi ya miezi kuipata, na alisema wazi kwamba hana nyingine. Kabla mzigo haujafika, Dakta akapata habari ya msiba wa baba yake, akaondoka kwenda Bukoba. Mlangoni alibandika karatasi kwa maandishi makubwa: MZIGO UKIJA USIFUNGULIWE. Ukaja siku ya tatu.

Sasa lazima niwaeleze Kamati ya Mapokezi. Mwaka mmoja kabla ya hapo tulipokea makasha ya mashine za chapa, yakatiwa sahihi yakiwa yamefungwa, na yalipofunguliwa yalikuwa na matofali. Matofali mazuri, mpaka leo yamezunguka bustani ya Mkurugenzi. Ukatoka waraka: kila kinachoingia kifunguliwe, kionekane na kipimwe mbele ya kamati. Sicheki waraka ule. Ulitokana na kidonda halisi.

Mwenyekiti alikuwa Bwana Ntobi, Afisa Ugavi, mtu ambaye wakati uleule alikuwa katibu wa orodha ya watakaopunguzwa. Wajumbe walikuwa Mama Sabina, mpishi mkuu wa kantini, Mzee Magesa kama mjuzi, na mimi mwandishi wa muhtasari. Kasha likafunguliwa. Ndani ya pamba mlilala vichupa vinne vya kioo, kila kimoja sawa na kidole cha mwisho, midomo imeyeyushwa ikaziba kabisa, na ndani chembe za njano safi. Nilivipenda nilipoviona.

"Vifunguliwe," akasema Bwana Ntobi.

"Havifunguliwi hivi," akasema Mzee Magesa. "Hewa ikiingia vimekufa. Na vinaonekana, Bwana Ntobi. Kioo hicho, mali hiyo."

"Kuonekana ni nje ya chombo. Na uzito? Nipime chupa?"

"Pima chupa. Mjerumani ameandika uzito wa chupa tupu."

"Mjerumani si mjumbe wa kamati hii."

Mama Sabina akanyoosha mkono. "Jamani, mlangoni si kuna karatasi imesema visifunguliwe?"

"Karatasi ya mlangoni, Mama Sabina, haiwezi kuuzidi waraka."

Mzee Magesa akanigeukia. "Masanja, waeleze. Wewe umesoma."

Wote wakanitazama. Bwana Ntobi alikuwa na mafaili mawili mbele yake, moja la mapokezi na moja la kijani, na la kijani kila mtu maabara pale alilijua. Akaliweka juu. "Naam, Masanja. Tueleze."

Nilikuwa na watoto wanne na soksi pea mbili. Nikasema kwamba, kitaalamu, yapo maoni mbalimbali.

Hayakuwepo maoni mbalimbali. Yalikuwepo maoni mamoja na nilikuwa nayajua vizuri kuliko wote mezani isipokuwa mmoja. Bwana Ntobi akanisogezea tupa na kichupa cha kwanza, na mimi, kwa mikono niliyofundishwa na yule mzee, nikakwaruza shingo ya kioo, nikaivunja, sawasawa kabisa, bila chengachenga. Nikamimina kwenye sahani ya mzani.

Kamoshi kembamba kakapanda. Njano ikaanza kufifia kandokando, ikafuata katikati, na muda wa kusema Baba Yetu haukupita tulikuwa na unga mweupe kama wa muhogo. Mzani nao ukawa unapanda kidogo kidogo, maana ile alumini ilikuwa inameza oksijeni ya chumba na oksijeni ina uzito wake. Bwana Ntobi akainama kuusoma, uso ukamng'aa.

"Wametuzidishia!"

"Hiyo ni hewa," akasema Mzee Magesa.

"Hewa haina uzito, mzee. Andika, Masanja: uzito umezidi hati. Rangi: nyeupe. Hati inasema njano." Akafikiri. "Hii siyo mali tuliyoagiza. Tufungue cha pili tulinganishe."

Cha pili kikawa cheupe. Akaamuru cha tatu, kwa sababu viwili havitoshi kuwa ushahidi. Hapo Mama Sabina akashindwa kuvumilia. "Mwenyekiti, hata mimi wali ukiniungulia sufuria ya kwanza, ya pili napunguza moto. Siendi kuunguza ya tatu nilinganishe."

"Hoja yako imepokelewa," akasema Bwana Ntobi, na cha tatu nikakivunja.

Mkono wake ulipokwenda kwenye cha nne, haukukikuta. Mzee Magesa alikuwa amekichukua. Alikifunga kwenye leso yake, akakitia mfuko wa shati, akaufunga kifungo. Yule mtu asiyeweza kuhamisha kizibo bila kukiandika akasimama na mali ya serikali kifuani, akasema, "Kwaherini," akatoka. Tulimsikia akishuka ngazi pole pole, kama mtu aliyebeba yai.

Bwana Ntobi akaniamuru niandike: mjumbe ameondoka kikaoni na mali ya umma bila idhini. Nikaandika. Mama Sabina alitia sahihi yake akilia, hajui kwa nini analia, ila anajua pameharibika kitu. Mimi sikulia. Mwandiko wangu siku ile ulikuwa mzuri.

Wiki iliyofuata orodha ilitoka. Jina la Mzee Magesa lilikuwa la kwanza, na sababu ilikuwa ule muhtasari. Jina langu halikuwemo.

Dakta Koku alirudi na nywele zimenyolewa za msiba. Nikamweleza, na sikuficha ni nani aliyeshika tupa. Akaketi juu ya kigoda cha maabara. "Nimemzika baba," akasema, "nikadhani nimemaliza." Kisha akaniuliza ilianza kuwa nyeupe upande gani, ilichukua muda gani, moshi ulikuwa na harufu gani, akaandika yote daftarini, kwa sababu hivyo ndivyo walivyo watu wa aina yake. Mwisho akauliza, "Vimebaki vingapi?"

"Kimoja. Kiko kwa Mzee Magesa."

Tulimfuata nyumbani kwake Buzuruga jioni ileile. Kichupa alikuwa amekifukia ndani ya debe la karanga, njano vilevile. Alikitoa kwa mikono miwili. "Nisamehe, Dakta," akasema. "Sijakiandikisha."

Dakta alikataa kufanya jaribio bila yeye. Jumamosi, maabara ikiwa tupu, Mzee Magesa aliingia kwa kitabu cha wageni, katika jengo alilofanyia kazi miaka mingi kuliko umri wa mlinzi. Mlinzi, kijana wa heshima, alimwamkia na kumwuliza sababu ya kuja. "Kusalimia," akajibu.

Tuliunyonya mtambo hewa, tukaujaza argoni, tukaunyonya tena, mara tatu. Mzee alinikaripia kwa kupaka grisi nyingi kwenye vifuniko. Kichupa kilivunjwa ndani ya bomba, chini ya gesi, bila pumzi ya ziwa kukifikia. Dakta akaongeza kiyeyushi, akapasha joto taratibu, kisha akadondosha boroni yake tone kwa tone. Njano ikapungua. Nikadhani imekufa kama ile ya vichupa vitatu. Lakini haukutokea unga. Ndani ya kioo palibaki majimaji angavu kama ya kisimani.

"Imetoa," Dakta akasema kwa sauti ndogo. "Jamani, imempa."

Tuliyapoza kwenye jokofu la Mama Sabina, kati ya nyama na maziwa, naye akalikalia mlango siku mbili asiruhusu mtu kulifungua. Zikaota chembe ndogo zisizo na rangi. Dakta alizipeleka mwenyewe Ujerumani, na majira ya masika barua ikaja: kwenye picha za mionzi, alumini na boroni wameshikana moja kwa moja, jozi imetoka huku ikaenda kule. Mfadhili wa utafiti wa Dakta akafurahi, Mkurugenzi akafurahi zaidi, akapiga picha na kioo kitupu. Mnunuzi wa mabondo akakunja futi yake. Chumba hicho ndicho mnachofanyia kazi ninyi leo.

Nilimpelekea Mzee Magesa barua ile stendi ya Buzuruga, alikokuwa akiziba sufuria zilizotoboka. Nilimsomea, nikimfasiria. Akataka nirudie pale panaposema wameshikana. Nikarudia. Halafu nikasema nililokwenda kulisema.

"Mzee, ule muhtasari niliuandika mimi."

"Najua. Nilikuwa nimekaa mbele yako."

"Na niliposema kuna maoni mbalimbali."

"Hilo nalo nilisikia." Alikuwa akigonga ribiti kwenye mpini wa sufuria, hakuacha. "Masanja, ningekuwa na umri wako na wale watoto wako, labda ningesema hivyohivyo. Ndiyo maana sikukuomba mara ya pili. Shikilia hapa."

Nikashikilia. Yule mzee alinisamehe palepale, na sikupata nafuu hata kidogo, kwa sababu alikuwa amenipa kisingizio cha ujana na mimi nikakipokea, nikaondoka nacho.

Sasa ujana umekwisha. Watoto wanajitegemea, umri aliokuwa nao siku ile nimeupita. Na baada ya siku ile nimeketi katika kamati za mapokezi nyingi, hata nikawa mwenyekiti, na mara kadhaa nimeona kitu kizuri kikipelekwa kuharibiwa kwa mujibu wa waraka, mbele ya macho yangu, mezani, karibu kabisa na mkono wangu. Sijawahi kukitia mfukoni.